Nusu ya Mti

Kombo kaja na flashi, kaifunga kwenye leso kama hirizi.
"Nimeshaandika mwenyewe," kasema, "wewe nitolee tu."
Nikaifungua. Kwenye kompyuta ya skuli, huko Mtambwe,
kila kitu kilisimama wima, aliapa.
Kwangu hapa Wete, herufi ni za aina nyingine:
majina yamelewa, tarakimu zimeporomoka bondeni,
kumi na tatu ya Shaame imemwangukia mama yake.

Nikabonyeza kitufe kinachofichua yasiyoonekana.
Vitone. Vitone. Vitone.
Dole gumba limepiga nafasi mpaka likafa ganzi.
"Kaka, huku ni kupanda bila kamba."
Akanyamaza. Anajua.
Marehemu baba yake alipanda mikarafuu hamsini na miwili
kwa kamba ya usumba na vigingi vya mkoko;
hata leo ukisimama mbele ya mti wa kwanza
safu nzima imejificha nyuma ya shina lake.

Nikafuta vitone vyote, nikaingiza jedwali.
Jina. Uhusiano. Miti.
Mwanakhamis hakuenea, akakatika:
Mwanakha juu, mis chini,
kama mtu aliyebanwa na mlango.
Nikaushika ukuta kwa kipanya, nikausogeza.
Uhusiano ukapungua kidogo. Haukulalamika.

Hesabu ya kadhi ilikuja na nusu mbili.
Mize binti Khatib, mke, sita na nusu.
Mwanakhamis, binti, sita na nusu.
Wanaume watatu, kumi na tatu kila mmoja.
Nikaweka kituo penye nukta,
nukta zikajipanga moja chini ya moja,
na nusu zikabaki zinachungulia kulia, peke yao.
"Nusu ya mti inachumwaje?"
"Mti ni mmoja," kasema Kombo.
"Mama upande wa kibla, dada upande wa njia."

Bi Mize alikuwa kwenye benchi, chini ya feni,
vidole vyeusi kwa karafuu alizochambua tangu alfajiri.
Nilidhani kasinzia.
"Na Raya?"

Kombo akafumba macho.
"Mama. Raya kamtangulia baba. Maiti harithi."
"Sikusema arithi. Nimesema aandikwe."
"Kadhi ataikataa karatasi."
"Kadhi hakumzaa."

Nani nimtii? Mwenye flashi au mwenye uchungu?
Nikaongeza mstari kati ya Shaame na Mwanakhamis,
ndipo alipozaliwa, mama kaniambia.
Raya. Binti. Seli ya tatu nikaiacha tupu.
Jumla kule chini haikutikisika:
hamsini na mbili, kama jana.
"Futa," kasema Kombo, taratibu, bila hasira.

Nikafuta jina. Mstari sikuufuta.
Nikauondolea mipaka, wa kushoto, wa kulia, na ya kati.
Kwenye kioo vikabaki vinyuzi vyembamba
ambavyo printa haina habari navyo.

Printa ikakohoa, ikatema.
Jedwali limetoka zuri, limenyooka kama msala,
ila katikati pana pengo jeupe, upana wa kidole.
"Hapa mbona pameachwa?"
"Ndivyo ilivyotoka," nikasema, nikaangalia feni.

Bi Mize hajui kusoma herufi hizi; yeye ni msomaji wa juzuu.
Lakini aliteremsha kidole jina baada ya jina,
akihesabu wanawe kwa mdomo usiotoa sauti,
na kilipofika penye pengo kikatulia.
Kikaacha doa la karafuu.

"Imechafuka. Nitolee nyingine," kasema Kombo.
Nikamtolea, nyeupe, ya kupelekwa kwa kadhi.
Ile ya doa mama kaikunja mara nne,
kaifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili.

Kombo akalipa zote mbili.
Akataka risiti.